Kesi ya Chipu Niliyoitafsiri

Kwa miaka kumi na tisa nilifanya kazi ya kusema maneno ya watu wengine. Nilikuwa mkalimani wa korti mjini Machakos. Hakimu akisema kwa Kiingereza, nampa mshtakiwa kwa Kikamba. Mshtakiwa akijibu kwa Kikamba, namrudishia hakimu kwa Kiingereza. Na shahidi akichagua Kiswahili, napumzika kidogo kwa sababu kila mtu anasikia. Nilikuwa nimezoea. Mbuzi aliyeingia shambani mwa jirani kule Kola, ndugu wawili wanaogombania mpaka Ndithini, mama aliyepatikana na mtungi wa pombe akasisitiza kwamba ni uji uliochacha: hayo yote nilikuwa na maneno yake mdomoni kabla kiongozi wa mashtaka hajamaliza sentensi.

Chipu ndiyo iliyonishinda.

Niseme kwanza habari za nyumbani kwangu, maana bila hizo kesi yenyewe haitaeleweka. Shemeji yangu alirudi kutoka masomoni ng'ambo akatuletea mashine ya gemu, ile ya kuunganishwa na televisheni. Ilikuwa mashine nzuri lakini yenye maringo. Ilikubali diski halisi za dukani peke yake, na diski hizo hungezipata Machakos hata ukizunguka siku nzima. Zile zilizouzwa karibu na stendi ya basi, zimefungwa kwenye plastiki na kuandikwa kwa kalamu, ilizigeuza mara mbili tumboni kisha ikatuonyesha kioo cheusi. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na hawezi kuona kitu kimekaa bila kazi. Akaibeba ndani ya kiondo akaipeleka kwa fundi.

Fundi huyo alikuwa mtu wa Mitaboni, wa miaka kama arobaini, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alianza kwa kutengeneza redio, akapanda hadi televisheni, na miaka ile ya elfu mbili na kidogo akawa ndiye pekee mjini aliyejua mashine za gemu. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, mlangoni pametundikwa koili za waya kama soseji buchani. Alimwambia mume wangu airudie mashine Alhamisi. Alhamisi tulipoifuata mimi na mume wangu ilikuwa imetiwa chipu, kijidude kidogo kuliko ukucha wa mtoto, kilichochomelewa kwa risasi iliyoyeyushwa mahali fulani ndani. Tangu siku hiyo mashine ikawa haichagui. Kila diski tuliyoipa iliimeza.

Tulifurahi, siwezi kusema uongo. Binti yetu alikuwa darasa la saba na alimfunga baba yake mabao hadi mwalimu mzima akawa anabishana na refa wa kwenye kioo. Mimi nilipenda mbio za magari. Nikitoka kazini, nikishainjika sufuria ya muthokoi, nilikuwa na kama nusu saa ya kungoja mahindi yalainike, na hiyo nusu saa niliendesha gari jekundu katika miji ambayo sitawahi kuifikia. Sikufikiria sheria hata mara moja. Mimi, niliyekula kiapo cha korti.

Kisha serikali ikaanza msako. Tuliusikia redioni kwanza, kwamba watu wanaonakili kazi za wenzao watakamatwa, tukasema ni mambo ya Nairobi. Ijumaa moja, soko likiwa limejaa, maofisa walifika na lori. Walianza na wauzaji wa kanda na diski za filamu, wakaenda maktaba za video, na mwisho wakafika kwa fundi. Walichukua mashine kumi na moja, diski gunia zima, na rundo la karatasi alizokuwa amezichapisha kutoka kwenye mtandao. Mume wangu alikuja na habari hiyo saa ya chakula cha mchana. Tulitazamana, kisha tukaitazama mashine. Aliinuka akaifunika kwa kitambaa cha mezani nilichofuma mwenyewe, akakinyoosha vizuri pembe zote nne.

Jumatatu fundi aliletwa kortini. Nilijua ataletwa, ila sikutegemea kumwona akipanda kizimbani bila miwani. Aliniona. Aliniangalia kwa muda mfupi kama mtu anayehakikisha nambari ya nyumba, kisha akainamisha kichwa, na tangu hapo hakuonyesha kwamba ananijua. Aliulizwa anataka lugha gani. Alisema Kikamba. Hakimu, mama mmoja mrefu asiyependa simu wala kikohozi cha makusudi, alishangaa kidogo. Aliuliza kama mtu anayesoma vitabu vya mitambo kwa Kiingereza haelewi Kiingereza. Fundi alijibu kwamba Kiingereza cha waya anakijua, cha korti hakijui.

Mashtaka yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kuwa na nakala za gemu zilizotengenezwa bila ruhusa ya wenyewe, na kuziuza. La pili lilikuwa kuzibadilisha mashine ili zikubali nakala hizo. Kiongozi wa mashtaka, inspekta mwenye sauti ya kwaya, aliyasoma kwa Kiingereza. Katika shtaka la kwanza akatumia lile neno lao linalotokana na maharamia wa baharini. Mimi sikuwahi kulitafsiri. Kikamba hakina bahari, sembuse maharamia. Karani alikuwa ananingoja, hakimu ameshika kalamu, na neno lililonijia haraka ni lile la kitu kilichoibwa. Nikalisema. Diski zilizoibwa.

Fundi alikuwa ameshafungua mdomo. Mpaka leo naamini alikuwa anataka kukubali. Aliposikia kuibwa, aliufunga, akatikisa kichwa.

"Aiee," alisema. Hapana.

Niliuliza tena, kama inavyotakiwa. Akasema yeye hajaiba kitu cha mtu tangu azaliwe, na kama hivyo ndivyo ilivyoandikwa, basi anakana yote. Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekana, akapanga siku ya kusikiliza mashahidi, akampa dhamana. Dakika kumi tu, tukaingia kwenye kesi ya mbuzi.

Siku hiyo nilirudi nyumbani na mambo mawili kichwani. La kwanza ni lile lililokuwa sebuleni chini ya kitambaa. La pili ni lile neno. Kadiri nilivyolifikiria ndivyo nilivyoona kwamba mtu alikuwa ameingizwa katika kesi ndefu kwa sababu mimi nilikosa neno. Nilimwambia mume wangu. Alisema nisijitese, kwani mkalimani ni kama bomba, maji yakipita machafu si kosa la bomba. Nikamwambia safari hii uchafu ulitoka kwenye bomba.

Asubuhi yake nilibisha kwenye ofisi ya hakimu kabla ya korti kufunguliwa. Alikuwa anakunywa chai na andazi, na sikuwahi kumwona akila, kwa hiyo nilisahau hotuba niliyojiandalia. Nilisema tu, "Mheshimiwa, niko na mashine kama zile nyumbani. Huyo fundi ndiye aliyeitia chipu."

Aliweka kikombe chini. Aliniuliza nimeinunua kwake? La, alitutengenezea tu. Aliniuliza kama nimeongea naye tangu akamatwe. La. Nikaona afadhali nimalize, nikamweleza na habari ya lile neno. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Habari ya mashine aliichukua kama habari ya mvua, lakini habari ya neno ilimkalisha wima.

"Hayo mawili utayasema mbele ya korti," alisema. "Wote wasikie. Halafu waamue kama wanakutaka."

Nimesimama mbele ya wauaji nikatafsiri bila kutetemeka. Fundi alipoitwa tena kortini, maneno yalikuwa yangu mwenyewe. Nilisema kwa Kiingereza, nikajitafsiri mwenyewe kwa Kikamba, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Watu waliokuja kwa kesi zao walinyoosha shingo. Inspekta aliuliza, kwa heshima lakini huku akitabasamu, kama mashine ya mkalimani ingefaa kuongezwa kwenye vidhibiti. Hakimu alimkumbusha kwamba ya kumi na mbili haimo kwenye hati ya mashtaka. Fundi alipoulizwa kama ananikataa, alisema hapana, anamtaka huyu, kwa sababu mtu aliyekosea neno akarudi kulirekebisha hatakosea la pili.

Nikamsomea shtaka upya. Safari hii sikutafuta neno moja. Nilisema ni diski ambazo mtu alizitoa nakala bila kupewa ruhusa na aliyeitunga gemu. Fundi alisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo ni kweli," alisema. "Kunakili nimenakili. Ruhusa sikuwa nayo, na sikujua inaombwa wapi."

Shtaka la kwanza likaishia hapo. La pili alilikataa, na safari hii si kwa sababu ya neno langu. Alisema mashine si zake wala si za kampuni, ni za watu walionunua. Mtu akimletea mlango wake amtobolee tundu la ufunguo mwingine, atatoboa. Amemkosea nani? Hakimu aliandika hayo yote polepole. Inspekta akasema ataleta shahidi kutoka Nairobi athibitishe kwamba mashine zimeguswa na kwamba mshtakiwa alijua anachofanya.

Shahidi alikuja baada ya wiki kadhaa. Alikuwa kijana wa suti, mtaalamu wa serikali, na Kiingereza chake kilikimbia hadi nikamwomba hakimu amwambie apunguze mwendo. Aliiambia korti kwamba ataonyesha kwa vitendo. Televisheni ililetwa, ikawekwa juu ya benchi la mashahidi, na mashine moja kati ya zile kumi na moja ikatolewa kwenye gunia ikiwa na kibandiko cha polisi mgongoni. Habari zilikuwa zimesambaa. Hata mawakili waliokuwa na kesi korti ya pili walikuja kusimama mlangoni.

Mtaalamu alichomeka nyaya. Stima ilikuwepo, taa ya mashine ikawaka, lakini kioo kikabaki na chenga. Alichomoa akachomeka. Chenga. Aliigonga mashine ubavuni kwa kiganja. Akaigonga tena. Alifuta jasho, akaeleza kwamba televisheni huenda haifai. Inspekta alisema ni televisheni ya kantini na jana ilionyesha taarifa vizuri. Mtaalamu akaigonga mashine mara ya tatu.

Fundi akainua mkono.

Hakimu alimtazama, kisha akanitazama mimi. Alisema kwa Kiingereza, taratibu sana, kwamba mshtakiwa halazimiki kusaidia upande wa mashtaka, kwamba lolote atakalofanya linaweza kutumiwa dhidi yake, na kwamba akinyamaza hakuna atakayemlaumu. Niliyatafsiri maneno hayo kwa uangalifu kuliko yote niliyowahi kuyatafsiri. Karibu nimwongezee la kwangu, akae chini. Sikumwongezea.

"Nimeelewa," fundi alijibu. "Lakini siwezi kukaa hapa nikiona mashine inateswa."

Kuna watu walicheka, hakimu akawanyamazisha kwa macho. Fundi aliteremka na askari pembeni. Hakuigusa mashine kwanza. Aliinama nyuma ya televisheni, akauchomoa waya wa manjano uliokuwa umechomekwa kwenye tundu jekundu, akauweka mahali pake. Kisha akaomba diski, akaipulizia, akaiweka, akafunga kifuniko kwa kidole kimoja. Kioo kikawa buluu, kikawa cheupe, na korti nzima ikasikia muziki. Lilikuwa lile gari langu jekundu. Niliangalia sakafu.

Mtaalamu akapata nguvu mpya. Alionyesha kwamba diski imeandikwa kwa kalamu, si ya kiwandani, na mashine imeikubali, jambo ambalo mashine isiyoguswa haiwezi kulifanya. Ushahidi ulikuwa umekamilika, na aliyeukamilisha alikuwa ameshikwa bega na askari anarudishwa kizimbani. Hakimu aliomba ionyeshwe kidogo tena, ili aandike vizuri alichokiona. Aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akiinua macho kila gari lilipokata kona.

Likabaki jambo la pili, kama alijua. Inspekta alitoa rundo la karatasi zilizopatikana kibandani, michoro ya waya na vishale, zilizochapishwa kutoka kwenye tovuti moja ya ng'ambo. Alimwita mama mwenye saiba, duka la kukodi mtandao, pale mtaa wa chini, kwani karatasi zilichapishwa kwake. Alikuwa mama wa familia ya Kiislamu ya hapo mjini, asili ya Pwani, katika buibui lililopigwa pasi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hadi nikaona haya kwa cha kwangu. Alisema ndiyo, alimchapishia karatasi hizo. Alisema pia kwamba fundi alikuwa akija kila Jumanne kumwuliza maswali mtu fulani wa kwenye tovuti ile, na kwa kuwa Kiingereza chake cha kuandika hakikuwa imara, yeye ndiye aliyemwandikia. Mtu huyo hujibu? Hujibu, tena kwa upole, na mara moja aliwatumia mchoro aliouchora kwa mkono wake.

Inspekta aliomba korti ikaione tovuti yenyewe. Hakimu alifunga daftari lake akasema twende. Basi tukatoka kwa miguu: hakimu, inspekta, mtaalamu wa Nairobi, fundi na askari wake, mama wa saiba akitangulia, na mimi nyuma na kalamu. Jakaranda zilikuwa zimemwaga maua barabarani. Watu waliacha kupima maharagwe wakatutazama tukipita kama arusi isiyo na bibi.

Saiba ilikuwa na kompyuta sita, na vijana waliokuwemo walitoka wenyewe bila kuambiwa. Mama alikaa, akaandika anwani ya tovuti. Tulingoja. Mtandao wa siku zile ulikuwa unakuja kwa vipande, juu kwanza, kisha kati. Juu ilitokea nembo. Kisha nembo ya pili, yenye ndege mkubwa. Kisha maandishi meupe juu ya rangi nyeusi. Hapakuwa na mchoro hata mmoja wa waya.

Mtaalamu alisoma akacheka kidogo kwa furaha. Inspekta alisoma akakuna kidevu, maana alichotaka kukionyesha hakikuwepo. Fundi hakusoma. Aliniuliza mimi, kwa Kikamba, pameandikwa nini.

Nikamtafsiria. Tovuti hii imekamatwa na serikali kwa amri ya korti, kwa sababu ya kuuza vifaa vya kubadilisha mashine na kusambaza nakala za programu. Waliohusika wanaweza kufungwa.

"Yote?" aliuliza. "Hata ile sehemu ya kurekebisha lenzi?"

Nilimwuliza mtaalamu. Alisema yote. Fundi alikikodolea kioo macho. Akaeleza, na mimi nikafuata nyuma yake kwa Kiingereza, kwamba kule palikuwa na sehemu kubwa isiyohusu chipu, ya mashine zilizoharibika tu, lenzi iliyochoka, feni iliyokwama, na kwamba yeye alijifunza hapo kazi yote anayoijua. Hakuna chuo kilichowahi kumchukua. Kisha akageukia mama wa saiba.

"Na yule aliyekuwa anatujibu, naye amekamatwa?"

Mama wa saiba alisema Mungu ndiye ajuaye. Hakimu hakuandika swali hilo, lakini sikumwona akilipuuza. Alisema turudi, jua linakuwa kali. Kizimbani wakati wa mashtaka uso wa fundi haukuwahi kubadilika. Njiani kurudi alitembea kama mtu anayetoka matangani.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Hakimu alisema katika zile karatasi, ukurasa wa kwanza kabisa, palikuwa na onyo kwamba kazi hii inaweza kuwa imekatazwa katika nchi ya msomaji. Fundi alikuwa amejitetea kwamba yeye alianzia ukurasa wa pili, penye michoro. Hakimu alisema anamwamini, lakini mtu hawezi kujiokoa na sheria kwa kuruka ukurasa. Alimpata na hatia katika yote mawili. Kisha akasema pia kwamba katika miaka yake yote hajaona mshtakiwa aliyewatengenezea mashahidi wa serikali ushahidi wao, na kwamba ni kosa la kwanza. Hakumfunga. Alimpa miezi sita ya kazi ya jamii katika shule moja ya msingi karibu na mji, iliyokuwa na kompyuta za msaada zilizokufa. Alimpa na amri: katika miezi hiyo asiguse nakala yoyote isiyo na ruhusa. Diski na mashine kumi na moja zikateketezwa nyuma ya kituo cha polisi. Sikwenda kutazama. Mume wangu alikwenda, akarudi akisema zilinuka vibaya.

Jioni hiyo niliondoa kitambaa, nikamwambia binti yetu kwamba chipu inatoka. Alinitazama kama nimeuza ng'ombe wa nyumbani. Aliniuliza kama ni hakimu aliyeamuru. Nikamwambia hapana, ni mimi. Hakusema na mimi siku mbili, na sikumlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafika mji wa mwisho katika zile mbio na nilibakiza gari moja tu la kulipita. Fundi aliitoa bila malipo. Alisema kutoa si kubadilisha.

Kule shuleni alifufua kompyuta nne kati ya saba katika wiki ya kwanza. Wiki ya pili alikuja kunitafuta kortini saa ya chai, amechanganyikiwa. Alikuwa amewasha zote nne na kugundua kwamba programu zilizomo ndani, zilizowekwa na msamaria fulani, ni nakala bila ruhusa. Alisema akizigusa amevunja amri, asipozigusa amekataa kazi. Alitaka kujua akae wapi. Nilicheka hadi nikashika ukuta, kisha nikaona machoni pake kwamba haoni kichekesho, anaona jela. Nikampeleka kwa afisa wa probesheni aliyesimamia kazi yake ya jamii. Afisa alifungua faili, akalifunga, akasema mwongozo wake hauna kifungu hicho.

Aliyetuokoa alikuwa mama wa saiba. Alisema amesikia kuna programu ya kuendeshea kompyuta ambayo wenyewe wameitoa bure kwa dunia nzima, unaomba tu kwa barua pepe na wanakutumia diski kwa posta. Sote tulishuku. Mwalimu mkuu alishuku kuliko wote, akasema hajawahi kuona cha bure kisicho na mkia. Barua ikaandikwa hata hivyo, kwa mkono wa mama wa saiba na kwa jina la shule. Tukasahau. Baada ya kama miezi miwili bahasha ikafika posta, ina stempu za kigeni na diski kumi ndani, mpya, zimechapwa rangi ya udongo, na picha za vijana wanaocheka.

Fundi alikuja nazo kwangu kabla ya kuzipeleka shuleni. Alikuwa amevaa miwani, ile ile ya uzi, alirudishiwa. Nyuma ya kila karatasi iliyofungia diski palikuwa na maneno kwa Kiingereza, na ingawa nilijua anaweza kuyasoma, alitaka yasomwe na mkalimani wa korti. Tukakaa kwenye ngazi nje. Nikamsomea kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kutumia diski hii, kuinakili, na kuwapa wenzake nakala kadiri apendavyo.

"Rudia hapo kwa kunakili," alisema.

Nikarudia.

"Na umeangalia vizuri? Hakuna onyo ukurasa wa kwanza?"

Nikageuza karatasi. Hakukuwa na ukurasa mwingine. Alinishukuru, akazipanga diski kwenye mfuko wa nailoni mbili mbili ili zisikwaruzane, akashuka kuelekea shuleni. Alimaliza miezi yake sita, na shule ikamwomba abaki siku mbili kwa wiki. Baadaye simu za mkononi zilipojaa alifungua kibanda kwao Mitaboni, cha kutengeneza simu. Nilipita hapo mwaka mmoja kabla ya kustaafu, nikapeleka yangu iliyoingia maji. Alinitengenezea nikiwa nimekaa kwenye stuli, tukaongea habari za watoto, na tovuti hatukuitaja.